VeraCrypt safarini: naipenda, ila droo yake ya siri siipeleki mpakani

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, Kiswahili kwenda Kiingereza, na Kifaransa pale wateja wa Bukavu na Lubumbashi wanapohusika. Ukiniuliza kwenye kompyuta yangu kuna nini, nitakujibu kuna karatasi tu. Lakini ni karatasi za watu: hukumu za talaka, ripoti za hospitali za wanaokwenda kutibiwa India, vyeti vya watoto wanaowafuata wazazi ughaibuni, na maelezo ya Wakongomani wanaoomba hifadhi Marekani, ambamo mtu amemtaja kwa jina aliyemchomea nyumba. Maelezo ya namna hiyo yakiangukia mikono isiyohusika, wa kuumia si mimi. Wa kuumia ni ndugu zake waliobaki kijijini.

Nami husafiri nazo. Aliyenibana ni mzee mmoja wakili wa Upanga ambaye hunipa kazi nyingi. "Binti yangu," aliniambia siku moja huku akinisainia malipo, "hizi karatasi za wateja wangu zikipotelea uwanja wa ndege, nani atakwenda kuwaeleza?" Nikaanza kutafuta, nikajaribu programu kadhaa, nikatulia kwenye VeraCrypt. Tathmini hii ni ya mtumiaji, si ya fundi wa mitandao. Naandika nikiifikiria foleni ya ukaguzi, pale mtu anaposimama na soksi, viatu mkononi, kompyuta yake imeshatangulia kwenye mkanda.

VeraCrypt ni programu ya bure ya kusimba data, yaani kuigeuza iwe mchafukoge usiosomeka bila neno la siri. Unaiambia ikutengenezee faili moja, tuseme la GB 3. Kabla ya kuanza inakutaka uzungushezungushe kipanya juu ya dirisha lake mpaka mstari ujae rangi, kwa sababu inaokota namba za kubahatisha kutokana na mtikisiko wa mkono wako. Mwanangu wa mwisho hugombania kazi hiyo. Faili likishakamilika halina sura yoyote. Ukilifungua kwa Word unaona takataka. Ukilifungua kwa VeraCrypt na kuandika neno la siri, linajitokeza kwenye Windows kama diski mpya, nami nimezoea kuipa herufi M. Unafanya kazi humo, unahifadhi humo, ukimaliza unalifunga na diski M inatoweka. Faili hilo nitaliita kontena, kama mafundi wanavyoliita.

Asili yake ina mkasa kidogo. Ilianzishwa mwaka 2013 na Mounir Idrassi, kwa kuendeleza programu ya zamani iliyoitwa TrueCrypt. Waliotengeneza TrueCrypt hawakuwahi kujitaja hadharani, na Mei 2014 waliacha kazi ghafla, wakabandika kwenye tovuti yao onyo kwamba si salama tena kuitumia. Wengi walihamia VeraCrypt wakati huo. Mwaka 2016 kampuni ya Quarkslab ya Ufaransa iliikagua VeraCrypt kwa undani na kukuta dosari 8 nzito pamoja na nyingine ndogondogo, na nyingi kati yake zikazibwa katika toleo la 1.19. Kuna watu wakisikia habari hiyo wanakimbia. Mimi ndiyo iliyonivuta, kwa sababu programu ambayo haijawahi kukaguliwa nayo ina dosari, tofauti ni kwamba hakuna aliyezihesabu.

Sasa uwanja wa ndege wenyewe.

Jengo la Tatu pale Julius Nyerere unakaguliwa mlangoni, kabla hata hujafika kaunta ya shirika la ndege, kisha unakaguliwa tena ndani. Jomo Kenyatta ya Nairobi inaanza mapema zaidi, barabarani: abiria wanashushwa kwenye gari na kupita mashineni kwa miguu. Ukibadilisha ndege Doha au Addis Ababa, foleni nyingine inakungoja. Katika kila ukaguzi kuna dakika ambazo kompyuta yako iko upande ule wa mashine na wewe uko upande huu unavua mkanda wa suruali.

Eksirei yenyewe isikutishe. Mionzi ile haifuti diski wala haisomi faili. Inaona umbo la betri, nyaya na vyuma, basi. Viwanja vyenye mashine mpya zinazopiga picha za pande zote hata havikulazimishi kuitoa kompyuta mkobani. Wasiwasi wangu uko kwenye mkanda na kwenye meza ile ya mwisho ambako trei zinajazana, kila mtu anatafuta pochi yake, na hakuna anayeuliza nani ni mwenye nini.

Katika uwanja mmoja wa kubadilishia ndege, ambao sitautaja, kompyuta yangu iliwahi kuondoka na mtu mwingine. Zilikuwa mbili za kijivu, za kampuni moja, zimetoka kwenye mashine zimefuatana. Mimi nilikuwa nimerudishwa nyuma kwa sababu ya bangili zangu, na bwana mmoja mwenye haraka akabeba iliyotangulia. Alikutwa kwenye lango lake la kupandia ndege, akiwa hajui lolote, baada ya jina lake kutangazwa kwenye vipaza sauti. Aliomba radhi sana. Muda ule wote nilikuwa nahofia kuachwa na ndege, na kusema kweli nilihofia pia bei ya kompyuta. Karatasi za watu sikuzihofia. Mashine ilikuwa imezimwa, diski yote imesimbwa, na ndani ya diski hiyo kontena limefungwa kwa neno jingine la siri. Kama yule bwana angefika nayo Manila, angekuwa amebeba chuma na plastiki.

Nimesema imezimwa, na hapo ndipo VeraCrypt inapotaka nidhamu yako. Kontena likiwa wazi, ufunguo wake unakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile RAM. Kufunika kifuniko na kuiacha ilale hakuuondoi. Hata umeme ukikatika haufutiki papo hapo: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba chipu za kumbukumbu hubakiza data kwa sekunde kadhaa hadi dakika baada ya kuzimwa, na ukizipoza kwa baridi kali zinabakiza kwa muda mrefu zaidi. Sisemi kwamba kibaka wa mkandani anatembea na mtungi wa baridi. Nasema kuzima kabisa hakuna gharama, na kompyuta iliyolala ni kompyuta iliyo wazi nusu.

Kwenye Windows kuna kikwazo kingine. Ina utaratibu wa kuwaka haraka, ambao unaifanya isizimike kikamilifu unapobonyeza kuzima. Sehemu ya kumbukumbu inaandikwa diskini ili kesho iamke upesi. VeraCrypt yenyewe inashauri uuondoe utaratibu huo, nami nauondoa kwenye kila mashine ninayoigusa. Usipotaka kuuondoa, shikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza kuzima. Halafu ingia kwenye mipangilio ya VeraCrypt uweke alama ili makontena yajifunge yenyewe kompyuta ikilala, ukitoka kwenye akaunti yako, au ukikaa muda bila kusoma wala kuandika humo. Kama kuna jambo moja la kulifanya siku unapoiweka, ni hilo. Nilishawahi kusinzia kwenye viti vya Bole, uwanja wa Addis Ababa, usiku na mkoba mapajani, nikijua imejifunga.

Kontena peke yake halitoshi, na hapa sikubaliani na wanaoisifu VeraCrypt kwa kuonyesha kontena tu. Ukifungua ripoti ya mgonjwa iliyo kwenye diski M, Word inaweza kuhifadhi nakala yake ya dharura mahali pengine kabisa kwenye diski C. Windows inakumbuka majina ya faili ulizofungua hivi karibuni. Jina la faili tu, "talaka" likifuatwa na majina mawili, linamtosha mmbeya. Kwa hiyo lazima diski nzima isimbwe. Kwenye Windows VeraCrypt inaweza kufanya hivyo. Inafunga kila kitu pamoja na Windows yenyewe, na unapowasha mashine unakutana kwanza na skrini nyeusi inayodai neno la siri. Kabla ya kusimba inakutengenezea nyenzo ya uokoaji ya kuweka kwenye flashi. Iweke kweli, na flashi hiyo uiache nyumbani, isisafiri kwenye mkoba mmoja na kompyuta.

Ile skrini nyeusi ina vituko vyake. Kijana mmoja wa ukaguzi aliniomba niiwashe, ikaja nyeusi na maandishi meupe, akanitazama kwa huruma. "Mama, hii mbona haina Windows?" Nikamwambia, "Ipo mwanangu, inasubiri neno la siri tu." Akacheka, akanipa mkoba wangu. Na kweli, kwa watu wa ukaguzi wa usalama skrini kuwaka kunatosha. Tangu Julai 2014 Marekani imekuwa ikitaka abiria wanaokwenda huko kutoka baadhi ya viwanja waweze kuwasha vifaa vyao, ili ijulikane kwamba ni kifaa na si ganda lililojazwa kitu kingine. Kisichowaka hakipandi ndege. Hawatafuti barua zako. Kwa hiyo fika na betri yenye chaji, na betri za akiba na pawabenki zikae kwenye mkoba wa mkononi, chini ya Wh 100 (wati-saa, kipimo cha uwezo wa betri) kama hutaki maswali.

Wanaopita Ghuba watakumbuka pia Machi 2017, Marekani ilipopiga marufuku kompyuta mpakato ndani ya ndege kutoka viwanja 10, Doha na Dubai vikiwemo. Mtu aliyetoka Dar kwenda Marekani kupitia huko alilazimika kuiacha kompyuta yake iende tumboni mwa ndege pamoja na masanduku. Marufuku ile iliondolewa kwa mashirika ya Ghuba kufikia Julai mwaka huohuo, lakini aliyewahi kupokea sanduku lenye zipu iliyopasuliwa anaelewa ilimaanisha nini. Kwa safari ya namna hiyo, diski nzima iliyosimbwa ndiyo kinga ya pekee uliyo nayo, maana wewe mwenyewe haupo.

Mpaka hapo VeraCrypt naipa alama zote. Mambo yanabadilika ukishatoka kwa watu wa usalama na kufika kwa watu wa uhamiaji na forodha, na wasafiri wengi wanayachanganya makundi haya mawili. Wa kwanza wanatafuta bomu. Wa pili, katika nchi nyingi, wana sheria inayowaruhusu kukagua kilichomo ndani ya kifaa chako.

Marekani, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, CBP, inafuata mwongozo unaogawa ukaguzi wa vifaa mara mbili. Ule wa kawaida, afisa anafungua na kupekua kwa mkono, na hahitaji kukushuku. Ule wa kina, anaunganisha kifaa na mashine ili kunakili au kuchambua, na huo unahitaji sababu ya msingi ya kukushuku au suala la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wake. Katika mwaka wa fedha 2024 walikagua vifaa mara 47,047, kati ya wasafiri zaidi ya milioni 400. Uwezekano wa kukuangukia ni mdogo. Lakini mimi mgeni mwenye viza nikikataa kufungua, wanaweza kunirudisha nilikotoka, na hapo sina pa kulalamikia.

Uingereza ni ngumu zaidi. Chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000, afisa wa mpakani anaweza kukuhoji bila kukushuku kwa lolote, na kukataa kutoa neno la siri ni kosa la jinai. Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa shirika la CAGE, alizuiwa Heathrow Novemba 2016 akirejea kutoka Qatar. Alikataa kutoa maneno ya siri ya simu na kompyuta yake, akisema analinda siri za mtu aliyempa ushahidi. Septemba 2017 alipatikana na hatia, ingawa hakufungwa. Kesi hiyo niliisoma usiku kucha, kwa sababu utetezi wake ndio ambao ningeutoa mimi, na haukumwokoa. New Zealand nayo, kwa sheria yake ya forodha ya 2018, inaweza kukutoza faini ya hadi dola 5,000 za kwao ukikataa kufungua kifaa pale wanapokuwa na sababu ya kukushuku.

Hapa ndipo wapenzi wa VeraCrypt wanapokuletea sifa yake kubwa. Wenyeji wa Pwani wanalijua kasha la zamani, la msaji na njumu za shaba, lenye droo ambayo mgeni akifunua kifuniko haioni. VeraCrypt inayo droo kama hiyo. Ndani ya kontena unaweza kutengeneza kontena la pili lililofichika, kila moja na neno lake la siri. Ukibanwa unatoa neno la kwanza, anayekubana anakuta picha za harusi na risiti za umeme, na hana namna rahisi ya kuthibitisha kwamba kuna la pili. Kwa mwandishi wa habari aliyeshikwa na wanamgambo porini, droo hiyo inaweza kuokoa maisha, na sitambeza anayeihitaji.

Mpakani mimi siibebi. Afisa akiniuliza, "Je, kuna data nyingine iliyosimbwa humu?", droo ile inanitaka nijibu hapana. Marekani kumdanganya kwa makusudi afisa wa serikali kuu katika jambo la msingi ni kosa linaloweza kukupeleka jela hadi miaka 5. Kukaa kimya au kukataa kwa adabu kuna gharama, lakini si uongo. Uzito wa jambo hili husikii kwenye video zinazoisifu programu. Halafu kuna la kiufundi, ambalo watengenezaji wenyewe wanalionya kwenye maelekezo yao: diski za kisasa za SSD zina tabia ya kuhamishahamisha data zenyewe na kuacha nakala za zamani nyuma, kwa hiyo mtaalamu mwenye vifaa anaweza kukuta dalili za droo ambayo wewe uliamini haionekani. Na hata bila mtaalamu, faili la GB 3 lisilo na sura, likiwa kwenye kompyuta yenye programu inayojulikana kwa droo za siri, linakaribisha maswali.

Ninachofanya ni kusafiri mkono mtupu. Kabla ya safari ya nchi hizo, kontena la kazi nalipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni nikiwa bado nyumbani, kwa sababu intaneti ya faiba ya Dar ina kasi kuliko Wi-Fi ya hoteli nyingi nilizolala. Nathibitisha linafunguka kwa kulishusha kwenye mashine nyingine. Kisha nalifuta kwenye kompyuta ya safari. Nikivuka, nikishafika chumbani, nalishusha. Mwongozo ule wa CBP unawataka maafisa waangalie kilicho ndani ya kifaa tu, wazime mtandao, wasifuate kilicho kwenye hifadhi ya mbali. Afisa akitaka kuona kompyuta yangu nitamfungulia bila kutetemeka, aone kamusi zangu na michezo ya wanangu. Kwa kuwa kontena limesimbwa kabla halijatoka mkononi mwangu, mwenye hifadhi naye haoni kitu. VeraCrypt kwa kazi hii ni nzuri mno, na nashangaa watu wanaitangaza kwa droo badala ya hili.

Ila kuna mtego mmoja. Kwa kawaida VeraCrypt haibadilishi tarehe ya kontena hata ukiandika humo mchana kutwa. Imefanywa hivyo kwa makusudi, ili anayelitazama asijue lilitumika lini. Matokeo yake, programu ya kuhifadhi nakala inayotegemea tarehe inaona faili lilelile la juzi, inalipita, na kazi yako ya leo haipandi. Kwenye mipangilio kuna mstari unaoizuia tarehe isibadilike. Ondoa alama yake, la sivyo siku utakayohitaji nakala utakuta ya mwezi uliopita.

Nimeongeza pia kipengele kwenye mkataba wangu na wateja. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Kenya wana yao ya 2019. Kusimba hakukuondolei wajibu wa kumwambia mteja karatasi yake inahifadhiwa wapi. Mzee wangu wa Upanga alikisoma kipengele hicho, akakirekebisha kwa kalamu nyekundu, akakichukua kwa matumizi ya ofisi yake.

Sasa lawama.

Sura yake ni ya zamani. Vitufe vingi, herufi za diski zimepangwa kama orodha ya mahudhurio shuleni, na ukianza kutengeneza kontena unaulizwa uchague njia ya kusimba, AES, Serpent au Twofish, kana kwamba umekuja kwenye usaili. Jibu fupi: acha AES kama ilivyo, acha na SHA-512, ile njia ya kuchakata neno la siri, endelea. Kuna sehemu ya namba inaitwa PIM. Nayo iache tupu. Ukiiacha hivyo, kila unapofungua kontena unasubiri kidogo, kwa sababu inalizungusha neno lako la siri mara 500,000 ili anayebahatisha achoke. Mtu asiye na subira atafikiri imekwama.

Bila ruhusa ya msimamizi wa kompyuta huwezi kuiweka, wala kutumia ile ya kubeba kwenye flashi. Maana yake huwezi kufungua kontena kwenye kompyuta ya hoteli au ya ofisi uliyoalikwa. Baadhi watalalamika. Mimi nasema vizuri, kwa sababu karatasi ya mtu haifunguliwi kwenye kompyuta ya hoteli.

Kwenye Mac inahitaji programu nyingine ya kuisaidia, na kusimba diski nzima kwa VeraCrypt hakupo kule. Mwenye Mac ana FileVault tayari, programu ya kusimba iliyokuja na mashine, aiwashe, inatosha kwa mkanda wa uwanja wa ndege. Mwenye Windows ya nyumbani ana usimbaji wa kifaa uliokuja na mashine nyingi mpya, lakini ajue ufunguo wa kuokolea unapelekwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Kwa picha za familia hiyo ni faida. Kwa karatasi za wateja wangu nataka ufunguo ukae kwangu.

Flashi nyingi za Kariakoo zinakuja katika mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4. Ukinakili kontena kubwa linakataa na ujumbe usioeleweka. Iumbize flashi upya kwa exFAT kwanza.

La mwisho, na ni zito: ukisahau neno la siri, basi. Hakuna pa kupiga simu, hakuna swali la jina la mama mzazi. Watengenezaji wanashauri neno la herufi 20 au zaidi. Langu ni sentensi niliyoitunga mwenyewe, Kiswahili kikiingiliwa na Kibondei cha bibi yangu. Usitumie methali, methali zimejaa vitabuni na mitandaoni, na kilichoandikwa mahali, mashine ya kubahatisha inaweza kukijaribu. Sentensi yangu ipo kwenye bahasha iliyobandikwa lakiri, ofisini kwa wakili, pamoja na wosia wangu. Hifadhi pia nakala ya kichwa cha kontena, kile kipande cha mwanzo kinachobeba ufunguo, kwa sababu kikiharibika lote linaweza kupotea. Programu ina sehemu ya kufanya hivyo. Lakini ukibadilisha neno la siri, ifute ile nakala ya zamani na utengeneze nyingine. Nakala ya zamani bado inafunguka kwa neno la zamani, hata kama neno hilo limeshajulikana na watu.

Kwa mkanda wa ukaguzi, kwa wizi na kwa masanduku yaliyopotea, naipa 9 kati ya 10. Moja nimeikata kwa ajili ya sura yake. Kwa kupandisha kazi mtandaoni kabla ya kuvuka mpaka, 8. Droo ya siri mbele ya afisa wa uhamiaji, 2, na hizo mbili ni za ufundi wa aliyeitengeneza. Pakua kwenye tovuti yao rasmi tu, siyo kwenye flashi ya fundi wa mtaani hata akiwa shemeji yako.

Kwenye simu VeraCrypt haina programu rasmi, na simu nazo hukaguliwa mpakani. Anayefanya kazi zake kwenye simu kuliko kwenye kompyuta, ninayemwelekeza ni Cryptomator ya Ujerumani: inasimba faili mojamoja badala ya kontena moja kubwa, inakubaliana vizuri na hifadhi za mtandaoni, na ina programu za Android na iPhone, ambazo matumizi yake kamili ni ya kulipia. Naitumia kwa risiti na mikataba midogo. Maelezo ya waomba hifadhi bado yako kwenye diski M.